Salamu za Mary wa Isiolo

Binti wa rafiki yangu Qabale alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa napepeta mchele. Alisema, "Mama Kawira, mama amepumzika. Tunamzika leo saa kumi." Ungo nikaendelea kuushika kana kwamba kuna mtu angekuja kunipokea. Kutoka kwangu Meru mpaka Isiolo si mbali, ila miguu yangu siku hizi ina mambo yake, na nilipofika watu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, wanaume nje chini ya turubai, na dirishani redio ndogo ilikuwa ikiongea peke yake bila mtu wa kuisikiliza. Nilipoiona hiyo redio nilijua sitafika kwenye mkeka kabla ya kulia. Wasichana wawili wasionijua walinishika mikono wakidhani ni uzee umenizidi.

Wajukuu hunisumbua niandike maisha yangu tangu mwanzo, baba alikuwa nani, mama alitoka wapi, shamba lilikatwa vipi. Hayo waandike wao. Mimi nataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka wa tatu baada ya Uhuru, wakati vita vya Shifta, waasi wa kaskazini, vilikuwa vimepamba moto na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na chumba changu mwenyewe mjini Isiolo, na mwandiko uliosifiwa na kila aliyeuona. Mwandiko huo ndio ulioniponza. Nimeishi na kadi moja ya posta moyoni karibu miaka sitini, na nilidhani naijua kadi hiyo yote, mbele na nyuma. Sikuwa naijua hata nusu.

Nilikwenda Isiolo kuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Nilipanga chumba katika ploti ya vyumba sita vya mabati, upande ambao leo ni mtaa wa Wabera. Mchana mabati yalichemka, na jioni yalipoanza kupoa yalilia kwa vishindo vidogo, moja hapa, moja pale, nami nikaruka kila mara kwa sababu mji mzima ulikuwa ukisubiri mlio wa namna nyingine. Jua likikaribia kutua, amri ilikuwa kila mtu awe ndani. Nilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la mbao, jiko la makaa na sufuria moja. Nilipika githeri ya mahindi na maharagwe, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunitazama, sikuona haja ya sahani. Nilikaa kitandani sufuria ikiwa mapajani, nikala, nikakwangua chini, nikafunika kilichobaki cha kesho. Nilikuwa mpweke kiasi cha kumsalimia mjusi wa ukutani, na silisemi hili kwa mzaha, nilimsalimia kweli na nikamuuliza habari za mchana.

Chumba cha pili walikaa mama na binti, Waborana. Ukuta kati yetu ulikuwa bati moja tu. Sikuelewa maneno yao, lakini nilijifunza kicheko cha binti, kilichoanza na kukohoa kidogo, na jinsi mama alivyolitaja jina moja kila jioni baada ya kuswali: Guyo. Nilidhani ni mume wake aliyekufa. Mwezi wa pili hivi, Jumapili mchana, binti alibisha hodi. Alikuwa mrefu, na shuka yake ilinukia moshi wa kukaushia vibuyu vya maziwa. "Salaam aleikum," alisema, kisha akajirekebisha, "ama habari. Mimi naitwa Qabale. Mama anasema ulete mdomo yako kwetu. Kila siku tunasikia kijiko yako kwa sufuria, krr, krr. Mama anasema huyo mtoto anakula na nani?" Niliona aibu hata masikio yakawaka. Nikaenda. Mama Qabale alikuwa anakaanga buni nzima kwenye samli, kahawa ya Kiborana inayotafunwa, akainyunyizia maziwa na kunipa kikombe bila kuuliza kabila wala dini. Tangu siku hiyo nilikuwa na mahali pa kwenda.

Wenzangu kanisani, watu wa milimani kama mimi, hawakupenda. Mke wa karani mkuu alinivuta kando baada ya ibada akaniuliza, "Kanana, hao watu unakula kwao, unajua vijana wao wako wapi usiku?" Nilimjibu kwamba kijana wao mmoja tu ndiye ninayemjua na yuko Nakuru anakamua ng'ombe. Akanitazama kwa huruma. Kwa sababu wakati ule neno vijana, likitajwa pamoja na Isiolo, lilikuwa na maana yake tayari. Vijana wamepotoshwa. Vijana wamejisalimisha. Vijana watatu wameuawa walipokataa kusimama. Redio ilisema hivyo asubuhi na jioni, na gazeti lililofika mchana kwa lori likaleta picha: vijana wamekaa chini kwa safu, mikono kichwani, na chini ya picha hakuna jina hata moja. Gazeti hilohilo, ukurasa wa ndani, lilikuwa na vijana wa aina yangu: msichana mbele ya mashine ya chapa anacheka, na jina lake kamili, na jina la shule yake, na kwamba anapenda kufuma. Nilikata picha moja kama hiyo nikaibandika ukutani, kwa ndani ya bati linalotutenganisha. Sikufikiri lolote juu yake wakati ule.

Guyo alikuwa kaka yake Qabale, miaka ishirini. Walinionyesha picha yake ya studio: kijana mwembamba ndani ya koti la kuazima, mkono chini ya kidevu, ameuweka hivyo makusudi ili saa yake ionekane. Barua yake ya mwisho ilisema anahama shamba na atatuma anwani mpya. Haikuja. Ilisema pia kwamba kila Jumamosi husikiliza kipindi cha salamu kwenye redio ya mpishi wa bwana wake, na akauliza kwa nini wao hawamsalimii. Basi Qabale akaamua. Wasomaji wangu wadogo huenda hawajui kipindi cha salamu kilikuwa nini. Ulinunua kadi ya posta, ukaandika jina lako na mji wako na majina ya unaowasalimia, ukaituma Nairobi, na mtangazaji akiisoma nchi nzima ilijua uko hai. Qabale hakujua kuandika Kiswahili vizuri. Mimi nilijua. Kila wiki tulikaa mlangoni mwao, yeye akasema, nikaandika: "Mimi Qabale Dida wa Isiolo namsalimu kaka yangu Guyo Dida aliye Nakuru. Mama yuko salama. Mbuzi wawili wamezaa." Na mara moja, kalamu ikiwa bado mkononi mwangu, alisema jambo ambalo silisahau. "Kwa redio sisi ni vijana tu. Vijana, vijana. Mimi nataka huyo mtu wa Nairobi aseme Qabale. Mara moja tu. Guyo asikie."

Jumamosi saa tisa tulikwenda kwenye hoteli ya Kimani, bwana mmoja wa Nyeri mwenye chapati nzito na redio ya betri aliyoifunika kitambaa cha meza kama mtoto mchanga. Ndani walikuwa wachuuzi wa miraa, askari wawili watatu wa likizo, na sisi wasichana kwenye benchi la karibu na mlango, chai moja vikombe viwili. "Nyamazeni, betri ni yangu," Kimani alisema kila wiki. Mtangazaji akaanza. Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu nilisikia, "Regina Kanana wa Isiolo," jina langu, kadi niliyoituma kuwasalimu wasichana wenzangu wa shule bila kumwambia Qabale, na benchi zima likanipigia makofi. Qabale alipiga makofi kuliko wote. Ya nne, ya tano, ya sita, Isiolo ilitajwa kila mara, na kila mara waliosomwa walikuwa watu wetu wa milimani, Peter na Esther na Stanley wa ghala. Sijui mpaka leo ilikuwaje. Labda kadi zake zilipotea njiani, labda mtangazaji aliyaona yale majina akaogopa kuyakosea, labda ziliwekwa kando na mtu aliyejidhani analinda nchi. Mchuuzi mmoja alisema kwa sauti, akitafuna, "Hao watu ya shifta wanasalimia nani kwa redio? Wanasalimia mwituni." Watu wakacheka, wengine kwa woga. Qabale alimaliza chai yake polepole, akafunga shuka, tukaenda.

Wiki ya saba nilifanya ujanja wangu. Naweza kusema nilifanya kwa kuwapenda, na ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa nimeonja utamu wa kusomwa. Nilitaka kuwa yule anayejua njia. Nilikaa ofisini saa ya chakula, nikachukua kadi safi, nikaandika kwa mwandiko wangu wa sifa: "Mimi Mary wa Isiolo, pamoja na mama, tunamsalimu kaka yetu Joseph aliye Nakuru. Mama yuko salama. Mbuzi wawili wamezaa." Nilijisifu hata kwa mbuzi, kwamba sikuwasahau. Sikumwambia Qabale kwa sababu nilitaka kumshangaza.

Jumamosi ile ilisomwa, ikiwa kadi ya pili. Mtangazaji aliisoma vizuri mno, akacheka kidogo alipofika kwa mbuzi, akasema hongera Mary. Niliruka nikamshika Qabale mabega. "Ni nyinyi! Ni nyinyi hao! Nilibadilisha!" Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Mary ni nani?" Nikamweleza. Nikamweleza tena kwa sauti ya chini maana Kimani alikuwa anakunja uso. Nikamwambia salamu ni salamu, na mama yuko salama, na si ndilo tulilotaka? Qabale alisikiliza mpaka kipindi kikaisha. Alipoinuka alisema, "Na Guyo atajua aje kama ni sisi?" Nilikuwa na miaka kumi na saba na alama nzuri katika kila somo, na jambo hilo dogo halikunipitia kichwani hata mara moja.

Hakuninunia, ningependa aninunie. Buni iliendelea kukaangwa, mama yake aliendelea kunijazia kikombe. Lakini kadi hatukuandika tena, na Jumamosi sikwenda kwa Kimani. Wiki tatu baadaye gazeti lilifika ofisini na lori la mchana. Ukurasa wa tatu, vijana watano wamekaa chini, mikono kichwani. Maelezo yalisema ni vijana walionaswa karibu na Ngaremara wakielekea kujiunga na wenzao. Wa pili kutoka kushoto nilimjua kwa kidevu chake, kile cha picha ya studio. Mikono ilikuwa imeinuliwa, na saa haikuwapo. Nilirudi nyumbani na gazeti chini ya blauzi, nikakaa kitandani mwangu kwa muda mrefu kabla ya kugonga bati.

Mama Qabale aliishika picha mbali na macho, kisha karibu, kisha akamrudishia binti yake, akainuka kwenda kutawadha. Qabale aliuliza swali moja tu, akaliuliza mara nyingi: "Ngaremara alikuwa anafanya nini? Kama amekuja, si angekuja nyumbani?" Ngaremara ni mbele ya mji, kaskazini. Mtu anayetoka Nakuru kuja kwa mama yake hawezi kufika Ngaremara bila kupita karibu na mlango wetu. Niliwaza hivyo na mimi. Halafu akanigeukia. "Kanana. Wewe unaamini ni shifta?"

Nilipaswa kusema hapana papo hapo. Nilikuwa nimemwandikia kijana yule kadi sita, nilijua saa yake, nilijua hapendi maziwa yaliyoganda. Lakini nilikuwa pia nimesikiliza redio asubuhi na jioni mwaka mzima, na neno lile vijana lilikuwa limeingia ndani yangu na kujenga. Nilikawia. Haikuzidi pumzi mbili. Kisha nikasema, "Hapana, siamini," kwa sauti ya kupita kiasi. Qabale alitikisa kichwa taratibu, akaanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiliwa.

Kabla mwezi haujaisha wakaja kuwachukua watu wa mtaa wetu wasio na kazi ya kuandikwa, kuwapeleka na mifugo yao kwenye vijiji vya ulinzi. Waborana wanauita wakati ule Daba, maana yake kusimamishwa, na sijui neno linalofaa zaidi. Mama na binti walipelekwa upande wa Merti. Nilikuwa kazini. Niliporudi nilikuta kibuyu kimoja cha maziwa kimeachwa kwenye kizingiti changu, kimefungwa vizuri, na chumba cha pili kiko wazi, kimefagiwa. Nilikunywa maziwa yale siku mbili. Kisha nikarudia sufuria yangu, na usiku ule nilipokwangua chini nilisikia mlio wenyewe, krr, krr, nikasimamisha kijiko. Nilimaliza mwaka ule nikila kwa mkono. Ile picha ya msichana wa mashine ya chapa niliibandua, na ikaacha alama nne za gundi ambazo sikuweza kuzitoa.

Vita viliisha, Qabale akarudi mjini, akaolewa, akazaa, akafungua duka la shuka na kanga. Nilihamia Meru, lakini tulitembeleana kwa miaka mingi. Alikuja harusini kwangu na kibuyu. Nilijua kwamba Guyo alikaa ndani karibu mwaka mzima, akaachiliwa bila kesi, akaishi Korbesa na ng'ombe wake na hakupenda kuja mjini. Hatukuwahi kuonana. Lile swali la Ngaremara sikuthubutu kumuuliza Qabale, naye hakunieleza, na nilichukulia kwamba halina jibu, au kwamba jibu lake ni lile nililokawia nalo pumzi mbili. Nasema ukweli kwa sababu nimezeeka: kuna siku nililichukulia hivyo.

Sasa nilikuwa kwenye mkeka uani, na mzee mmoja mrefu mwenye fimbo alikuja akasimama mbele yangu. Kidevu kilekile. Mkononi alikuwa na saa.

"Wewe ndio Kanana?"

"Ndiye mimi. Poleni sana, mzee."

Akaletewa kiti, akakaa, akaegemea fimbo. "Mimi nilisikia hiyo kadi yako," alisema. "Ya mbuzi."

Nilimwambia sikujua kama aliisikia.

"Nilikuwa nasikiza kila Jumamosi. Mpishi anamenya viazi, mimi nasimama kwa dirisha. Wakisema Isiolo, naweka sikio. Wiki nyingi, Isiolo, Isiolo, na majina yote ni ya watu wa huko kwenu juu. Hakuna Halima. Hakuna Dida hata moja. Halafu siku hiyo wakasema Mary. Nikasema basi, watu wetu wametolewa. Town imebaki ya kina Mary." Akatazama mikono yake. "Unajua, huyo Joseph nilimwonea wivu. Niliona, huyu jamaa ako Nakuru kama mimi, na dada yake anamtafuta. Mama yake ako salama. Mbuzi wake wamezaa. Nilienda nyuma ya jikoni nikalia, wallahi."

"Ndio nikatoka Nakuru. Lori nikashuka kabla ya geti ya askari. Nikazunguka town kwa miguu, na hata nikaona paa za mabati za huko mtaani kwenu. Nikasema, nikaingie huko kwa nani? Nilikuwa naenda Korbesa kwa mjomba nimuulize watu wetu wamepelekwa wapi. Ngaremara wakanishika."

Siku ile Qabale alikuwa kwenye chumba cha pili. Mama yake alikuwa kwenye chumba cha pili. Pengine walikuwa wanakaanga buni. Nilimuuliza Guyo kama dada yake alijua haya.

"Nilimwambia siku ile nilitoka ndani. Akanikataza. Akasema, Guyo, hiyo usiwahi kuambia Kanana. Akasema huyo mtoto alikuwa anakula peke yake kwa sufuria." Alinitazama kwa mara ya kwanza bila kukwepa. "Sasa yeye ameenda. Mimi nimeona nisikufe nayo."

Nilimwomba msamaha. Maneno yalitoka vibaya, kwa Kiswahili na Kimeru vikiwa vimechanganyika, nami nikilia tena mbele ya watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Alimwita binti wa Qabale, akaongea naye Kiborana, naye akarudi na karatasi na kalamu. Walitaka tangazo lipelekwe kwenye redio ya hapa mjini, jamaa wa Korbesa na Merti wapate habari na waje kwenye dua. "Huyu ndio ako na mwandiko," Guyo alisema, akinielekeza kwa fimbo. Siku hizi herufi zangu zinakwenda upande. Niliandika Qabale Dida Guyo, binti wa Dida Guyo, dada ya Guyo Dida, na majina ya watoto wake wote saba na waume na wake zao, na wajukuu nilipoambiwa niwaandike nikawaandika. Ilijaza pande mbili za karatasi.

Nililala kwao. Kesho yake saa saba mchana mtu aliongeza sauti ya ile redio ya dirishani, na uwanja mzima ukanyamaza bila kuambiwa. Mtangazaji alikuwa kijana wa hapahapa, sauti ya kukimbia kidogo. Alisoma, "Qabale Dida Guyo," vizuri, bila kukwama, akasoma na wengine wote, kisha likafuata tangazo la mbegu za mahindi. Nilisubiri kama atalirudia jina lake. Hakulirudia. Guyo alikuwa amesimama dirishani, sikio karibu na kisanduku, fimbo kwapani. Alinyoosha mkono wenye saa akapunguza sauti.

"Hapo," alisema, "nimejua ni sisi."